Namna ya kushika swala tano Ramadhani ikishapita, simu na mpira vikiwepo

Kila mwaka ni yaleyale. Ramadhani msikiti unajaa mpaka watu wanaswali barazani, afu ikifika wiki ya pili ya Mfunguo Mosi (mwezi unaofuata) imamu wa Alfajiri anabaki na wazee wake walewale safu moja. Sisemi kwa kusimanga jamani, naandika kwa yule anayetaka kuendelea ila anaona anateleza na hajui ashike wapi.

Kwanza acha kujiambia utajikaza tu, maana kujikaza kunaisha. Kuna hadithi ya Bibi Aisha ipo kwenye Bukhari, Mtume (s.a.w.) aliswali na nguo yenye nakshi, macho yakaenda kwenye zile nakshi mara moja tu, alipomaliza akaagiza ipelekwe kwa sahaba wake Abu Jahm na yeye aletewe ya kwake isiyo na marembo, kwasababu hii imemshughulisha kwenye swala. Yaani yeye ndo Mtume na hakusema kesho ntajitahidi nisiangalie, aliivua akaiondoa. Sa wewe unapiga takbira na simu mfukoni inatetemeka, grupu la ukoo wanabishana michango ya harusi, khushui (utulivu wa moyo kwenye swala) itoke wapi?

Kwahiyo simu iache chumba kingine kabisa, kuondoa sauti haitoshi. Kama uko msikitini izime kabla ya kutawadha, ukisubiri ikama utakuta unajibu meseji moja, mbili, imamu yuko rukuu. Na kama simu ndo alamu yako ya Alfajiri basi hapo ndo mtego wenyewe ulipo, unaizima unaona arifa 40, unafungua "kidogo tu" na jua linachomoza uko kitandani. Nunua saa ya mezani ya alamu, ziko za bei rahisi tu, iweke mbali na kitanda ili lazima uinuke kuizima.

Alafu Alfajiri haipotei asubuhi, inapotea usiku. Mechi za Ulaya huku kwetu zinaanza saa 4 au saa 5 usiku, mpaka iishe na ubishi wa refa uishe ni saa 7, hapo hata ukiwekewa adhana sikioni huamki. Chagua mechi, si lazima uangalie zote (za timu yako sawa, ila ya Getafe inakuhusu nini?). Ile ya Jumamosi ndo inataka akili zaidi, kipindi cha baridi Uingereza mechi nyingi zinaanza saa 12 jioni kwetu na kwa Dar Magharibi inaingia humohumo ndani ya kipindi cha kwanza au karibu na mapumziko. Wakati wa Magharibi ni mfupi kuliko zote, saa moja na kitu Isha hiyo. Ingia na udhu wako kabisa, kaa banda umiza (kibanda cha kuonyesha mpira) lililo karibu na msikiti, adhana ikilia toka. Goli watarudia mara sita.

Njaa nayo ni kama zile nakshi za nguo, inakushughulisha. Hadithi iliyo kwenye kitabu cha Imamu Muslim inasema hakuna swala chakula kikiwa kimeshaletwa wala mtu akiwa amebanwa na haja. Wakati kama upo kula kwanza, nenda chooni kwanza, usiswali huku unawaza wali unapoa.

Kazini watu wanaogopa bure. Mabosi wengi hawana shida na dakika 10 za Adhuhuri, shida ni mtu anapotea nusu saa nzima anasingizia swala. Mwambie mapema, chukua muda wako wa chakula, rudi. Ukiwa safarini kwenye basi la mkoani, madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu huku pwani ndo tunafata yanakuruhusu kukusanya Adhuhuri na Alasiri na kuzipunguza, basi likisimama watu wale wewe swali.

Kuhusu Qur'ani usianze na juzuu kwa siku. Msahafu wa Madina una kurasa 604, ukisoma ukurasa mmoja kila baada ya swala ni kurasa tano kwa siku, miezi minne unakhitimu bila kuhema. Mtume alisema amali anazozipenda Mwenyezi Mungu ni zinazodumu hata kama ni chache, na mimi naona hii ndo inawashinda wengi, wanataka kasi ya Ramadhani mwaka mzima, wakishindwa siku mbili wanaacha yote. Dada zangu mkiwa kwenye hedhi wakati ule ule wa swala kaeni na adhkari, mazoea yasikatike.

Na ukishafanya yote hayo bado mawazo yatakuja ukiwa kwenye Fatiha, utakumbuka deni la mtu wa mwaka juzi. Sahaba Uthman bin Abil-As alilalamikia hilihili, Mtume akamwambia huyo ni shetani anaitwa Khinzab, jikinge kwa Mwenyezi Mungu na utemee kidogo kushoto mara tatu. Fanya hivyo uendelee, usikate swala ukaanza upya upya, hiyo ni wasiwasi.

Ukipitiwa na usingizi ikakupita, ukiamka tu iswali hapohapo, usisubiri eti uilipe na ya kesho.