Kusoma logi ya gama: kutoka mstari hadi kiasi cha mwambatope

Logi ya gama, yaani mstari wa vipimo vinavyochukuliwa kwa kina ndani ya kisima cha mafuta au gesi, haipimi ukubwa wa chembe wala haioni gesi. Inapima mionzi ya asili ya potasiamu, urani na thori, kwa vipimo vya API, kizio cha kawaida cha logi hii. Udongo mfinyanzi ndio hubeba sehemu kubwa ya mionzi hiyo, hivyo mwambatope, mwamba wa udongo mfinyanzi ulioganda, mara nyingi husoma kati ya 80 na 150, na mchanga safi, usio na udongo huo, kati ya 15 na 30. Chokaa safi, chumvi na makaa ya mawe navyo husoma chini. Usiite kila mahali mstari unaposhuka mchanga.

Anzia kwenye kichwa cha logi: skeli, aina ya tope la kuchorongea, kipenyo cha kisima. Tope lenye kloridi ya potasiamu huinua mstari mzima. Tope lenye baraiti, madini mazito, hufyonza miale. Kisha tazama kalipa, logi ya kipenyo cha kisima: ukuta ulipobomoka usomaji hushuka, na mwambatope huonekana safi kuliko ulivyo. Sahihisha hayo kwa chati za kifaa husika kabla ya kulinganisha visima.

Sasa chagua mistari miwili ya rejea, wa mchanga safi na wa mwambatope, kwa kila kundi la matabaka peke yake. Usichukue namba ya chini kabisa na ya juu kabisa. Chora histogramu, anza na thamani zilizo kwenye asilimia 5 na 95 ya usomaji, kisha rekebisha kwa jicho. Tabaka la sentimita 20 halifikii thamani yake halisi, kwa sababu kifaa huchanganya mionzi ya takriban sentimita 30 hadi 60.

Toa thamani ya mchanga safi kwenye usomaji, gawanya kwa tofauti ya mistari hiyo miwili. Usomaji 60, mchanga 20, mwambatope 120: jibu, yaani faharasa ya gama, ni 0.4. Hiyo si asilimia 40 ya mwambatope. Kuichukua hivyo hukuza kiasi na kutupa mchanga mzuri. Fomula ya Larionov kwa miamba ya Tashiari, kipindi cha kijiolojia kilichofuata Kretasia, 0.083 × (2^(3.7 × faharasa) − 1), inatoa karibu 0.15. Ile ya miamba ya kale zaidi, 0.33 × (2^(2 × faharasa) − 1), inatoa karibu 0.24. Katika maeneo ya gesi ya Tanzania, mchanga wa Mnazi Bay ni wa Tashiari, wa Songo Songo ni wa Kretasia, kipindi cha kale zaidi. Nakala moja ya lahajedwali haifai kote kuwili.

Mtego mkubwa ni mchanga wenye feldispa, madini yenye potasiamu. Katika bonde la Lokichar, Turkana, mchanga mwingi umetokana na miamba ya msingi iliyo karibu, na potasiamu ya feldispa huinua gama hadi mchanga mzuri ufanane na mwambatope. Weka logi za neutroni na densiti kando yake. Katika mwambatope mistari hiyo hutengana, neutroni ikisoma juu. Katika mchanga hukaribiana, na penye gesi hupishana. Ukiwa na gama ya spektra, inayotenganisha potasiamu, urani na thori, potasiamu juu na thori chini huashiria feldispa au mika. Urani peke yake ikipanda, shuku mabaki ya viumbe.

Ukiwa na sampuli za kiini, yaani vipande vya mwamba vilivyotolewa kisimani, pima gama yake na uoanishe kina chake na cha logi kwanza. Tofauti ya mita moja au mbili ni ya kawaida, nayo inatosha kukuonyesha mchanga palipo na mwambatope.