Simu ya intaneti: unasikika, lakini wewe husikii

Simu imeita, imepokelewa, sekunde zinakwenda, ila upande wako kimya. Usikimbilie kununua kifaa kipya. Kuita na kupokea hupitia SIP, itifaki ya kuunganisha simu, kwa kawaida poti 5060 (poti ni mlango wa data wenye namba); sauti yenyewe husafiri kando, kwa RTP, itifaki ya kubeba sauti, kwenye poti za UDP (utumaji wa data usiosubiri uthibitisho) zinazobadilika kila simu. Njia ya kwanza iko wazi, ya pili imezibwa kwenye ruta.

Anza na SIP ALG, kipengele cha ruta kinachoingilia ujumbe wa SIP. Fungua ukurasa wa ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, uizime, kisha uwashe upya ruta na simu. Iliwekwa isaidie, lakini huandika upya anwani ndani ya ujumbe wa SIP na mara nyingi huziharibu, sauti ikatumwa kusikofika.

Bado? Tazama anwani ya WAN ya ruta yako, yaani ile iliyo upande wa intaneti. Ikianza na 192.168 au 10, huenda kuna ruta nyingine mbele yako, jambo la kawaida kwenye ploti za Kisauni au Bamburi, Mombasa, ambapo mwenye nyumba hugawa laini moja kwa wapangaji. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kufungua poti kwako ni kazi bure. Jaribu kuwasha STUN kwenye simu, poti 3478; huiwezesha simu kujua anwani yake inavyoonekana kwenye intaneti. Ikishindikana, mwombe mtoa huduma wa simu apitishe sauti kwenye seva yake.

Ukisikia wewe ila husikiki, kagua kwanza maikrofoni na ruhusa ya programu.