Siku za Kwanza za Mwanafunzi mjini Leipzig: Anza na Anwani

Mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kwenda kusoma Leipzig, Ujerumani, mara nyingi huwa amejiandaa vya kutosha kwa masomo na kwa baridi, lakini hajaandaliwa na mtu yeyote kwa mfuatano wa karatasi unaomsubiri. Bila anwani huwezi kusajiliwa kuwa mkazi wa mji. Bila usajili benki nyingi husita kukufungulia akaunti. Bila akaunti fedha zako za matumizi hazikufikii. Na bila bima ya afya chuo hakikuandikishi. Anayeanza katikati ya mfuatano huu hurudishwa nyuma kila dirishani anaposimama, hata kama kila karatasi aliyonayo ni halali. Ndiyo maana hapa chini mambo yamepangwa kwa zamu ya kuyatekeleza, na suala la makazi limepewa nafasi kubwa kuliko mengine.

Makazi yatafutwe ukiwa bado nyumbani. Mara tu upatapo barua ya udahili, omba chumba katika hosteli za Studentenwerk Leipzig, shirika la huduma kwa wanafunzi, kwa kuwa ndizo zenye bei nafuu na orodha ya wanaosubiri hurefuka sana kuelekea muhula wa baridi unaoanza rasmi tarehe 1 Oktoba. Ukikosa, tafuta chumba katika nyumba ya kupanga ambayo wanafunzi huishi kwa kuchangia, lakini usitume hata senti moja kabla ya kuona mkataba na kabla ya wewe, au mtu unayemwamini aliyeko huko, kukiona chumba chenyewe. Matapeli wana hadithi yao inayojirudia: mwenye nyumba anadai kwamba yuko nchi nyingine kikazi, anataka amana itumwe kwanza, kisha ataleta ufunguo kwa posta. Mwenye chumba cha kweli hukuonyesha chumba. Fahamu pia kwamba tangazo linaweza kutaja kodi ya chumba kitupu, Kaltmiete, au kodi iliyojumlishwa na gharama za kupasha joto, maji na usafi, Warmmiete. Linganisha vyumba kwa hiyo ya pili, kisha uulize kama umeme na intaneti vimo ndani yake. Kisheria, amana ya chumba haipaswi kuzidi kodi ya miezi mitatu isiyo na gharama hizo.

Katika begi la mkononi, si katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, weka pasipoti, barua ya udahili, vyeti halisi vya shule na chuo, cheti cha kuzaliwa, mkataba wa chumba, uthibitisho wa bima na wa akaunti ya dhamana, yaani akaunti ambamo fedha zako za matumizi ya mwaka hufungiwa na kutolewa kila mwezi. Beba adapta ya umeme, kwa maana plagi ya pini tatu ya kwetu haiingii katika soketi za Ujerumani. Kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt treni ya kasi huchukua zaidi ya saa tatu kufika Leipzig, na kutoka Berlin ni saa moja na dakika chache, kwa hiyo panga kufika siku ya kazi na mchana, kabla ofisi inayotoa funguo za hosteli haijafungwa. Anayefika Jumapili hukuta karibu maduka yote yamefungwa, isipokuwa machache ya stesheni na vituo vya mafuta.

Ukishakabidhiwa ufunguo, kazi ya kwanza ni sanduku la barua. Nyumba za Ujerumani kwa kawaida hazina namba za vyumba kwenye anwani. Mpeleka barua husimama mbele ya safu ya visanduku vya chuma mlangoni na kutafuta jina la ukoo. Jina lisipoonekana, barua hurudi ilikotoka. Na katika wiki hizo za mwanzo karibu kila kitu huja kwa posta: kadi ya benki kwa bahasha moja na namba ya siri kwa bahasha nyingine, kadi ya bima, namba ya kodi yenye tarakimu 11, miadi ya ofisi. Andika jina lako kwa herufi kubwa, libandike siku hiyohiyo kwenye kisanduku na kwenye kengele, na ukiwa unaishi kwenye chumba cha mtu mwingine mwombe akuruhusu kuongeza jina lako chini ya lake.

Hapa wengi wetu tunapata tatizo ambalo Wajerumani hawalitarajii, nalo ni majina matatu. Mtu anayeitwa kwa jina lake, la baba na la babu anaweza kuandikwa benki kwa jina la babu, chuoni kwa jina la baba, na bima kwa yote matatu yaliyounganishwa, na mifumo ya ofisi hizo ikamhesabu kuwa watu watatu tofauti. Tazama pasipoti yako inasema jina la ukoo ni lipi, kisha uandike majina yote kwa mpangilio uleule katika kila fomu, bila kufupisha na bila kubadilisha herufi.

Sheria inakutaka ujisajili katika muda wa wiki mbili tangu kuhamia. Usajili huo huitwa Anmeldung na hufanyika katika ofisi za huduma kwa wananchi, Bürgerbüro. Weka miadi kupitia mtandao mapema, hata kabla ya kusafiri ikiwezekana, kwa kuwa nafasi za Septemba na Oktoba hujaa haraka. Utahitaji pasipoti na fomu iliyotiwa saini na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi. Fomu ya usajili ina kipengele cha dini. Kijibu kwa ukweli, lakini ujue kwamba Mkatoliki au Mlutheri aliyesajiliwa hivyo hutozwa kodi ya kanisa atakapoanza kulipa kodi ya mapato, na katika jimbo la Saxony kiwango chake ni asilimia 9 ya kodi hiyo. Mwanafunzi mwenye kipato kidogo asiyelipa kodi ya mapato hatozwi. Cheti cha usajili utakachopewa kikopishe mara kadhaa, maana kitaombwa kila mahali.

Baada ya hapo fedha hufunguka. Tangu Septemba 2024 akaunti ya dhamana, Sperrkonto, inatakiwa kuwa na euro 11,904 kwa mwaka, nazo hutolewa euro 992 kila mwezi kwenda kwenye akaunti ya kawaida unayofungua Ujerumani. Kwa kuwa kufungua akaunti hiyo na kuiunganisha kunaweza kuchukua wiki kadhaa, na wakati huohuo kodi na amana ya chumba zinadaiwa, njoo na fedha za mwezi mmoja na nusu nje ya akaunti ya dhamana. Familia nyingi zilizokusanya fedha hizo kwa kuuza shamba au kuchangisha ndugu huamini kwamba mtoto akitua tu atazipata. Waelezwe mapema ili wasije wakatafuta mkopo kwa haraka.

Bima ya afya ndilo jambo ambalo kosa lake halirekebishiki kirahisi. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 ana haki ya kujiunga na bima ya umma kwa mchango wa kiwango cha wanafunzi, ambao mwaka 2025 ulikuwa takriban euro 140 kwa mwezi. Wakati huohuo utakutana na matangazo ya bima binafsi za bei ya chini sana. Ukichagua hiyo na kusamehewa bima ya umma, msamaha huo hudumu kwa muda wote wa masomo yako, na siku utakapougua kitu ambacho mkataba hauhusishi huwezi kubadili mawazo. Nashauri kwa dhati kila mwenye umri unaoruhusu achukue bima ya umma. Aliyefikisha miaka 30 hana kiwango hicho cha wanafunzi, hivyo aombe ushauri wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kusaini chochote. Bima za umma hupeleka taarifa yako chuoni kwa mfumo wa kielektroniki, na ndipo uandikishaji unapokamilika.

Chuo Kikuu cha Leipzig kilianzishwa mwaka 1409, na majengo yake makuu yako Augustusplatz, katikati ya mji, hatua chache kutoka kwenye mgahawa wa wanafunzi uitwao Mensa am Park, ambapo chakula cha moto ni cha bei nafuu kuliko mahali pengi mjini. Vipindi vikiandikwa herufi c.t., huanza robo saa baada ya muda uliotajwa: saa tatu asubuhi ni saa tatu na robo. Herufi s.t. humaanisha saa ileile iliyoandikwa. Maksi nazo husomwa kinyume na tulivyozoea, kwa kuwa 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu, na 5.0 ni kufeli. Hakikisha mapema kama kusajiliwa kwenye somo kunakuandikisha pia kwa mtihani wake, kwani katika kozi nyingi hizo ni hatua mbili, na anayesahau ya pili hafanyi mtihani.

Viza uliyoingilia mara nyingi ni ya miezi michache. Peleka ombi la kibali cha ukaazi katika Ofisi ya Wageni, Ausländerbehörde, kabla viza haijaisha, kwa sababu ombi lililofika kwa wakati hukulinda kisheria hadi uamuzi utolewe, hata kama miadi yenyewe iko mbali. Tunza ushahidi wa tarehe uliyopeleka. Ada ya kibali cha kwanza ni takriban euro 100. Kwa upande wa kazi, mwanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa siku kamili 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na kazi za usaidizi chuoni hazihesabiwi humo. Wiki za kwanza, hata hivyo, ziachie masomo na karatasi.

Katika nyumba utakayoishi huko kuna taratibu ambazo majirani huzichukulia kwa uzito. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili nzima, muziki na mashine zenye kelele hazitakiwi. Wakati wa baridi fungua madirisha wazi kabisa kwa dakika chache mara mbili au tatu kwa siku huku umezima kipasha joto, kisha uyafunge. Chumba kisichopigwa hewa huota ukungu ukutani, na gharama yake yaweza kukatwa kwenye amana yako. Chupa na makopo mengi ya vinywaji yana rehani ya senti 25 inayorudishwa na mashine dukani. Baada ya usajili itakuja pia barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Kama mnaishi kwa kuchangia nyumba moja, analipa mmoja na wengine humrudishia, lakini kila aliyeandikiwa barua lazima aijibu. Kwenye tramu, tiketi ya karatasi isiyogongwa kwenye mashine ni sawa na kutokuwa na tiketi, na faini ni euro 60.

Unga mweupe wa mahindi, mihogo na ndizi za kupika hupatikana katika maduka ya Kiafrika na ya Kiasia, na mtaa wa Eisenbahnstraße ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa dharura ya ugonjwa au moto piga 112, kwa polisi 110, na kwa daktari wa usiku au mwisho wa wiki, pale hali isipohatarisha maisha, 116117.

Kiswahili hufundishwa katika chuo hichohicho, kwenye Taasisi ya Masomo ya Afrika, na wanafunzi wa Kijerumani wanaojifunza huko hutafuta watu wa kuzungumza nao. Watafute tangu wiki ya kwanza. Saa moja ya maongezi ya Kiswahili mkibadilishana na saa moja ya Kijerumani huwanufaisha wote wawili, na ni fursa ya kusomewa barua yoyote ya ofisi usiyoielewa. Nenda nayo upesi, kwa kuwa uamuzi wa ofisi ya serikali kwa kawaida hupingwa ndani ya mwezi mmoja tu tangu kuupokea, na muda huo hutajwa katika aya ya mwisho ya barua.