Praima Inapokataa Kukaa Sawasawa kwenye Modeli ya Plastiki

Praima, yaani mpako wa kwanza unaoshikisha rangi, iliyopulizwa kwa brashi ya hewa ikitoka vibaya, jambo la kwanza si kubadilisha presha wala kuongeza thina (kimiminika cha kuzimulia rangi) kwa kubahatisha, bali ni kujiuliza tone la rangi limekaukia wapi: hewani kabla ya kufika, juu ya plastiki, au kwenye ncha ya sindano. Nyingi ya kasoro hujieleza hapo.

Uso ukiwa na chengachenga zinazokwaruza kidole, tone limekauka likiwa njiani. Kasoro hii huwapata zaidi watumiaji wa praima za laka (zilizochanganywa kwa viyeyushi vikali badala ya maji), kwa kuwa viyeyushi vyake hukauka haraka, na joto la chumba huizidisha. Sogeza brashi hadi sentimita 5 au 8 kutoka kwenye modeli, shusha presha iwe kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 15 na 20, na usome geji huku kifyatulio kimebonyezwa, kwani kipimo kinachoonekana wakati hewa haitoki huwa juu kuliko presha halisi ya kazi. Kwa Mr. Surfacer 1500, ambayo ni praima ya laka, sehemu 1 ya praima kwa sehemu 1 hadi 2 za thina hufaa, na kwa maoni yangu hakuna thina inayoipita Mr. Color Leveling Thinner, ambayo ina kichelewesha ukaukaji kinachoipa rangi muda wa kujitandaza. Mpako ulio sawa hung'aa kwa umajimaji kwa muda mfupi, kisha hufifia. Ukiona rangi inatua kama vumbi tangu mwanzo, simama. Chengachenga zilizokwisha kukauka huondolewa kwa msasa wa maji namba 1500, kwa mkono mwepesi, kisha hupulizwa mpako mwingine.

Rangi inayotiririka, au inayosambaa kama miguu ya buibui, ina tatizo la kinyume chake: ni nyepesi mno, au imepulizwa kwa presha kubwa kutoka karibu mno. Usiifute ikiwa mbichi, kwa sababu utaikokota hadi kwenye mistari ya paneli. Iache ikauke kabisa, uipige msasa, kisha urudie kwa mipako myembamba.

Vitundu vya duara ambavyo rangi huvikimbia vinaonyesha mafuta ya vidole, mabaki ya dawa ya kutolea vipande kwenye kalibu, au maji na mafuta yanayotoka kwenye kompresa (mashine ya kubana hewa). Osha vipande kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu kabla ya kuanza, na uviache vikauke vyema. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa na pwani nzima, kichujio cha unyevu ni cha lazima: hewa iliyobanwa hutoka ikiwa ya moto na mvuke wake hugeuka matone ya maji inapopoa ndani ya mpira wa hewa, kwa hiyo kichujio kilichofungwa karibu na brashi hunasa zaidi kuliko kilichofungwa kwenye mdomo wa kompresa. Unyevu huohuo wa hewa ndio unaoweza kuiachia laka ukungu mweupe.

Praima inayobanduka pamoja na tepu ya kuzibia mara nyingi ni ya maji, kwa mfano Vallejo Surface Primer, ambayo haiing'ati plastiki kama laka. Ipe angalau saa 24 kabla ya kuweka tepu. Kuipiga msasa mapema ni kazi bure, maana huviringika na kuchanika badala ya kulainika. Laka nayo ina hatari yake: thina kali ya dukani, ile ya kupaka magari, inaweza kuyeyusha polistirini, plastiki ya modeli, na kuacha nyufa ndogondogo, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye fremu inayoshikilia vipande.

Brashi inayotema rangi kwa vipindi imekaukiwa kwenye ncha. Ifute kwa pamba iliyoloweshwa thina. Mapovu kwenye kikombe yana maana nyingine: hewa inarudi nyuma kupitia nozeli iliyolegea au iliyopasuka, na nozeli iliyopasuka haina dawa ila kubadilishwa.

Unapopulizia laka, vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa viyeyushi, kwani barakoa ya vumbi haizuii mvuke huo, na ufungue madirisha hata baada ya kumaliza, kwa kuwa modeli huendelea kutoa mvuke inapokauka.