Kabla ya Kuunganisha Vituo Viwili vya Data, Amua Kila Mtumiaji Kwao ni Wapi

Ofisi nyingi za Dar es Salaam zilizoanza na chumba kimoja cha seva sasa zina viwili: kimoja hapa mjini, kingine Dodoma, au Mwanza, au kwenye wingu nje ya nchi. Mfanyakazi haweki tena kazi zake kwenye mashine iliyo mezani. Anaingia kwenye kompyuta pepe inayoishi ndani ya seva, na alichonacho mbele yake ni kioo na kibodi tu. Kituo cha pili kikishawashwa, wakubwa huuliza swali moja: lini watu wataanza kuingia kutoka popote? Usitaje tarehe bado. Kuna maandalizi, na la kwanza, kumpangia kila mtumiaji kituo chake, ndilo ninaloona likirukwa kuliko mengine yote.

Timu niliyokuwamo iliwahi kuliruka. Tuliunganisha vituo viwili usiku wa Ijumaa, tukawapa watumiaji wote ruhusa ya kuingia kote kote. Jumatatu asubuhi mashine za kituo cha Dar zikajaa, mfumo ukampeleka dada wa mishahara kwenye kituo cha pili. Kompyuta ikafunguka vizuri kabisa, ila haina kitu. Akanipigia: "Kaka, faili zangu za mishahara hazipo hata moja." Zilikuwepo, salama, Dar. Mashine aliyopewa ndiyo haikuzifahamu. Ilikuwa tarehe 24, na watu walikuwa wanasubiri mishahara yao. Bado naikumbuka sauti yake.

Chanzo chake si kigumu kukielewa. Kompyuta pepe hunakiliwa kutoka mashine moja ya mfano, kwa hiyo inaweza kuzaliwa kituo chochote kwa muda mfupi. Faili za mtu, pamoja na wasifu wake wenye mipangilio yote aliyoizoea, hukaa kwenye hifadhi ya mahali pamoja. Kuzinakili kwenda upande wa pili kunawezekana, lakini ukiruhusu pande mbili ziandike kwa wakati mmoja, ipo siku nakala zitapishana na moja itaifuta nyingine. Ndiyo maana kila mtumiaji apangiwe kwao: kituo anachopelekwa kwanza, kila siku, hata akiwa amesafiri. Mifumo mikubwa ina sehemu ya kuliandika hilo. Horizon, iliyokuwa ya kampuni ya VMware na ambayo tangu 2024 iko chini ya kampuni ya Omnissa, inakuwezesha kuliweka kwa mtu mmoja au kwa kundi, na kuchagua kama ruhusa yake ivuke vituo vyote au ibaki kimoja. Citrix inagawa vituo kwa kanda, nayo inakubali mtumiaji awe na kanda yake. Lakini hakuna mfumo utakaokuambia yupi ni wa wapi. Hilo nenda ukakae na afisa rasilimali watu, mpitie majina idara kwa idara. Inachosha, na haina njia ya mkato.

Ruhusa zenyewe zitolewe kwa makundi, na iwe ruhusa moja inayofunika vituo vyote. Ukiacha ruhusa ya Dar peke yake na ya Dodoma peke yake, mtu ataona alama mbili kwenye kioo, atafungua zote, na kazi aliyoiacha asubuhi huku ataitafuta jioni kule. Hakikisha pia kwamba aliyekatikiwa na mtandao anarudishwa kwenye mashine ile ile aliyoiacha wazi.

Halafu angalia nani anayethibitisha nywila. Kama kituo cha Dodoma kinategemea seva ya utambulisho iliyoko Dar, siku njia ikikatika utakuwa na mashine mia mbili zinazonguruma bila mtu hata mmoja kuingia. Kila kituo kiwe na nakala yake ya seva ya utambulisho, na mfumo unaohakiki namba za siri zinazotumwa kwenye simu usiwe upande mmoja tu. Saa za seva zilingane. Kerberos, utaratibu ambao seva nyingi hutumia kuthibitisha watumiaji, kwa mpangilio wake wa kawaida humkatalia mtu saa zikipishana zaidi ya dakika 5, na ujumbe anaouona mtumiaji mara nyingi hautaji saa kabisa.

Umbali nao una hesabu yake. Mwanga ndani ya fiba husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Dar hadi Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 450, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama milisekunde 5, na mwenye kuchapa hahisi kitu. Kituo kikiwa Ulaya, tuseme London, zaidi ya kilomita 7,000, hutapata chini ya 70 hata kama njia ingenyooka, na mikongo ya baharini hainyooki. Tena inakatika. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu pamoja, na Tanzania iliumia. Mwenye faili kwenye mashine yake ya mezani aliweza kuendelea kuandika. Mwenye kompyuta pepe nje ya nchi, njia yake ikikatika, hana hata ukurasa.

Ndani ya jiji, usitosheke na kuwa na kampuni mbili za intaneti. Ziulize fiba zao zinapita wapi. Dar inachimbwa kila mara kwa ajili ya barabara za mwendokasi na mabomba ya maji, na kampuni mbili zinazopita mtaro mmoja hukatwa na kijiko kimoja.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Basi wanaoshika taarifa za wagonjwa, wateja au wafanyakazi wasiwe na ruhusa inayoweza kuwapeleka kwenye kituo cha nje kwa sababu tu cha hapa kimejaa. Pata ushauri wa mwanasheria kabla hujaandika makundi.

Anayeacha kazi afungiwe pande zote mbili. Kufunga akaunti peke yake hakumtoi aliyekwisha kuingia. Mashine yake lazima izimwe.

Piga na hesabu ya siku mbaya. Tuseme kituo cha Dar kimezimika: kina watumiaji 300, na Dodoma ina nafasi 80 zilizobaki. Nani wanaingia? Andika majina sasa, yapitishwe na uongozi, kwa sababu siku yenyewe kila idara itasema ndiyo muhimu.

Mwisho chagua Jumamosi, uwatangazie watu, kisha ukate njia ya Dar kwa makusudi. Majaribio ya watu wa TEHAMA peke yao hayatoshi. Sisi tunafurahi kompyuta ikifunguka tu. Mwite dada wa mishahara, mlipe nauli na siku yake, akae kwenye kituo cha pili, afungue karatasi ya mwezi uliopita, abadilishe tarakimu moja, ahifadhi, atoke. Rudisha njia ya Dar. Aingie tena, aitafute tarakimu ile.