Somo: Kumrekodi kipiri wa milima ya Kenya

Nyoka huyu mdogo, kwa jina la kisayansi Montatheris hindii, huishi Aberdare na Mlima Kenya tu, kwenye nyasi za baridi juu ya msitu, kati ya mita 2,700 na 3,800 hivi. Mwanasayansi Boulenger alipomtangaza mwaka 1910, mahali palipoandikwa ni Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, futi 4,000 (kama mita 1,200). Kule chini haishi. Ndiyo maana nasisitiza: picha bila mahali sahihi ni pambo tu.

1. Ngoja jua. Usiku huko maji huganda, kwa hiyo nyoka hutoka kuota jua pembeni mwa mafungu ya nyasi. Wingu likitanda, hayupo. Tafuta kwa macho. Ukilifumua fungu unamvunjia nyumba inayomkinga na baridi.

2. Simama mita moja na nusu au zaidi. Ana sumu, na dawa yake maalumu haijatengenezwa. Piga picha ya mwili mzima kwanza, maana hakai sana, kisha kichwa kwa upande, kichwa kwa juu, na mgongo. Kamera ya simu hupenda kushika ujani ulio mbele na kumwacha nyoka ukungu. Gusa jicho lake kwenye kioo. Zima flashi: magamba yakimeta, yale mabaka meusi ya pembetatu hayasomeki.

3. Kabla hujainua mguu, andika kwa penseli (baridi huua betri) tarehe, saa, latitudo na longitudo kwa desimali tano, na GPS inakosea mita ngapi. Mwinuko hakiki kwenye ramani.

Maswali

Urefu nitaupimaje bila kumshika?
Akishaondoka, laza rula pale pale alipolala, upige picha ukiwa umesimama pale uliposimama mwanzo. Mara nyingi hafiki sentimita 35. Kumshika hifadhini kunataka kibali.

Si kipiri mwenye pembe wa Bonde la Ufa?
Yule, Bitis worthingtoni, ana pembe juu ya kila jicho. Huyu hana.

Naweza kumweka iNaturalist, ile tovuti ya kumbukumbu za viumbe?
Weka, ila chagua kuficha mahali: watu wataona mraba wa nyuzi 0.2, kama kilomita 22 kila upande, nawe utabaki na namba kamili. Angalia na WhatsApp: picha ikitumwa kama faili huenda na mahali pake ndani, na wauza nyoka wanajua kuisoma.