Kabla hujavuta joto la seva kwenda bandani au bafuni, angalia haya kwanza

Ikifika Juni na baridi ya Mbeya ikianza kuuma, lazima atokee mtu mwenye kachumba ka seva (kompyuta zinazohifadhi na kusambaza data, hazizimwi), labda anauza intaneti au anatunza mahesabu ya saccos, aseme jamani kile chumba kinachemka mchana na usiku, nalipia luku ya AC ili joto litoke nje wakati nyuma ya ukuta huohuo kuna vifaranga wanakufa kwa baridi. Wazo zuri, wala sio geni. Stockholm wanafanya, na Odense kule Denmark joto la seva za Facebook linaongezwa nguvu na pampu ya joto alafu linaingia kwenye mabomba ya mji na kupasha majumba. Ila wenzetu mabomba yalishakuwepo chini ya barabara kabla seva hazijafika, huku kwetu hakuna, kwahiyo ndoto za kupasha mtaa mzima kama Kihesa ya Iringa weka pembeni. Mfano unaotufaa ni Exmouth, Uingereza, 2023 waliweka mtambo wa seva wenye ukubwa wa mashine ya kufulia palepale kwenye bwawa la kuogelea, joto linatumika hapohapo.

Kwahiyo umbali kwanza. Kama banda liko upande wa pili wa kiwanja, joto litaishia njiani, labda ufunge bomba sufi vizuri, na hapo gharama inaanza kukimbia.

Alafu jua una joto kiasi gani, na usikadirie kwa kuweka mkono nyuma ya seva. Pima umeme, maana karibu wote unaoingia kwenye seva unatoka kama joto. Seva zako zikila kilowati 5 una hita ya kilowati 5, na ukiweza kulikamata lote, maji lita 100 yatapanda nyuzi 20 kwa kama nusu saa hivi. Lakini kama una seva mbili za wati 300 kila moja, hujafikia hata pasi ya umeme, hapo bora uache tu. Pima na usiku pia, na wikiendi, watu wakilala seva nazo zinapunguza kazi na baridi ndo inazidi.

Sasa joto lenyewe ni la vuguvugu, hewa inayotoka nyuma ya seva mara nyingi ni nyuzi 30 mpaka 40. Kukaushia majani ya chai Mufindi halifai, ile kazi inataka karibu nyuzi 100. Vifaranga lakini ndo kipimo chao, wiki ya kwanza wanataka 32 mpaka 35, alafu unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Hata kumalizia kukausha mahindi kabla ya kuweka ghalani linasaidia. Maji ya kuoga kuwa makini, tenki likikaa vuguvugu linazalisha bakteria wa lejionela wanaoshambulia mapafu, kwahiyo acha seva ianzishe kupasha na hita imalizie mpaka 60.

Hapa ndo wengi wataharibu: wanatoboa ukuta, wanaweka feni, hewa inazunguka kati ya banda na seva. Usithubutu. Vumbi la maranda, manyoya na ile amonia ya mbolea ya kuku vikirudi kwenye seva, feni zinaziba na bodi zinaliwa na kutu. Hewa iende upande mmoja tu isirudi, au tumia maji na rejeta mbili, hata za gari ukizikagua hazivuji, moja inapokea joto kwa seva na nyingine inalitoa bandani. Na usibane njia ya hewa, seva zinataka kuvuta hewa ya nyuzi 18 mpaka 27, na Mbeya tuko kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, feni inabidi isukume nyingi zaidi kuliko Dar. Weka na kilango cha kugeuza, Oktoba jua likiwaka joto litoke nje.

Umeme ukikatika je? UPS, ile betri ya akiba, inaokoa seva dakika chache, vifaranga haiwahusu. Jiko la mkaa liwe tayari na banda lipitishe hewa. Themomita ining'inie usawa wa mgongo wa kifaranga sio usawa wa macho yako, wakirundikana wanasikia baridi, wakikimbilia kona wakihema midomo wazi umezidisha.

La mwisho, kama seva ni za mtu mwingine muandikishane. Akiamua kuhamishia data zake Dar joto linaondoka nazo, wewe una vifaranga wa siku nne bandani. Notisi iwe angalau wiki sita, kundi ulilonalo lipite hatua ya kutaka joto.